Mjomba, je, nikodi gari la umeme niende nalo harusini Mombasa?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nafanya kazi maabara katika hospitali moja Upper Hill, na tunaishi Syokimau, ghorofa ya tatu. Gari letu la petroli limezeeka, na kila mwezi linakunywa karibu shilingi 14,000 kwa kwenda kazini na kurudi tu. Kwa miezi sita sasa nimekuwa nikizitazama Nissan Leaf za umeme zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani. Mume wangu hataki kusikia. Anasema hicho ni kigari cha watoto, na siku tutakayolinunua ndiyo siku tutakayoanza kulisukuma.

Tumekubaliana jambo moja tu: tusinunue kabla ya kujaribu. Nimempata jamaa anayekodisha Leaf ya 2018, ile ya betri ya yuniti 40, shilingi 6,500 kwa siku. Anasema ikijaa inakwenda kilomita 400. Mwezi ujao binamu yangu anaolewa Mombasa, kule Bamburi. Nimewaza tulikodi siku nne twende nalo: mimi, mume wangu, watoto na mama yangu. Tukifika salama, mume wangu hatakuwa na la kusema tena. Tukikwama, basi nitakuwa nimejua mapema kabla sijamwaga pesa za chama.

Je, Mjomba, kukodi ni njia nzuri ya kulijua gari la umeme kwa mara ya kwanza? Au nitajiharibia mwenyewe? Halafu mama anauliza: mvua ikinyesha, stima haitatupiga?

Anayesitasita, Syokimau

*

Marahaba, mpwa wangu, na hongereni kwa harusi.

Kodi, tena kodi kabla hujanunua. Lakini harusini usilipeleke.

Barabara unayoitaja naijua, nimeila miaka kumi na saba kwa teksi na kwa mizigo midogo. Tuanze na hiyo 400. Sidhani jamaa amekudanganya kwa makusudi. Amesoma karatasi iliyokuja na gari. Japani walilipima kwa kipimo chao cha zamani, JC08, ambacho mwendo wake ni wa polepole, wakapata kilomita 400. Wamarekani walipolipima gari hilohilo, betri hiyohiyo, waliandika maili 151, yaani kilomita 243. Na hapo betri ilikuwa mpya. Hiyo ya jamaa imeshafanya kazi miaka kadhaa. Tuseme kati ya zile yuniti 40 za stima imebaki na 33 za kutumika. Ukienda kilomita 100 kwa saa, kiyoyozi kimewashwa kwa ajili ya mama, watu watano ndani na masanduku ya nguo za harusi nyuma, kila kilomita 100 itakula yuniti 18 hivi. Gawanya mwenyewe: kilomita 180 mpaka sifuri. Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili zake anayeendesha mpaka sifuri, weka 150. Nairobi hadi Mombasa ni kama 480.

Basi mtasimama kuchaji mara tatu, mkibahatika. Kubahatika kwenyewe kunataka maelezo. Leaf ya Japani ina matundu mawili puani: moja la CHAdeMO, la kuchaji haraka, na jingine la Type 1, la kuchaji polepole. Ukifika kwenye chaja yenye plagi ya CCS2, au ile ya Wachina ya GB/T, utaitazama tu kama mtu aliyesimama mlangoni na ufunguo wa nyumba nyingine. Na hata ukiipata CHAdeMO, Leaf ina tabia yake: betri haina maji ya kuipoza, kazi hiyo inaachiwa hewa. Kwa hiyo chaji ya haraka ya kwanza itaingia vizuri, ya pili itapungua nguvu kwa sababu betri imeshapata moto, na ya tatu, katika joto la Voi saa nane mchana, mtakaa kama mnaosubiri feri ya Likoni.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu: kurudi. Kwenda Mombasa unateremka, na gari la umeme linapenda mteremko kwa sababu linarudisha chaji kidogo kila unapolishikilia lisikimbie. Kurudi, unalipandisha gari la tani moja na nusu, na watu na mizigo yao, kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700. Fizikia haina huruma: kupanda huko peke yake ni kama yuniti 10, juu ya zile za kusukuma upepo na kuzungusha magurudumu. Umeme wa kwenda kilomita hamsini na zaidi unaishia kwenye mlima ambao macho hayauoni, maana umetandazwa taratibu njia nzima. Mtu aliyekwenda akasema “mbona linafika tu” ndiye huyo anayekwama akirudi Jumapili usiku, watoto wamelala na kesho ni shule.

Sisemi haliwezekani. Mtu mwenye gari jipya la betri kubwa inayopozwa kwa maji, aliyezoea, aliyepiga simu kwenye kila chaja asubuhi hiyo, anaweza kwenda na akaifurahia safari. Lakini wewe ni mara yako ya kwanza, na nyuma umempakia mama mzazi na saa ya nikahi inayokungoja. Mumeo atakaa kiti cha mbele akihesabu asilimia kama mtu anayesubiri matokeo ya kura. Hata mkifika, mtakuwa mmefika mkiwa mmenuniana. Na mkikwama njiani, pale Mtito Andei, hutakuwa umejua chochote kuhusu gari la kwendea kazini Upper Hill, na hicho ndicho ulichotaka kukijua.

Bahati nzuri unaishi Syokimau. Stesheni ya treni ya SGR iko mlangoni kwako. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi shilingi 1,500 Januari 2024, na saa tano baadaye mko Miritini. Mama atanyoosha miguu, watoto watahesabu ndovu Tsavo. Au nendeni na hilo gari lenu la petroli, lizeeke vizuri.

Sasa tuje kwenye kukodi kwenyewe, maana hapo ndipo nina neno.

Ukikodi gari la petroli, unalijaribu gari, basi. Kituo cha mafuta hukijaribu, kila mtu anajua kilipo. Ukikodi la umeme, gari lenyewe utalizoea kabla hujatoka Mlolongo: halina gia, halina kelele, ukiachia mguu linajishika lenyewe, na ukilikanyaga kutoka kwenye taa za barabarani matatu zinabaki nyuma zikishangaa. Siku ya kwanza nzuri. Swali gumu linaanza saa tatu usiku ukishafika nyumbani: linachomekwa wapi? Hilo ndilo unalolipia shilingi 6,500. Ukilikodi ukaenda nalo mbali, ukachaji kwa watu wasiokujua, umejaribu maisha ya mtalii. Wewe si mtalii. Wewe ni mama wa ghorofa ya tatu.

Kwa hiyo siku nne zilezile ulizokuwa umezipanga, zilete nyumbani, wiki isiyo ya harusi. Lichukue Jumatano jioni, lirudishe Jumapili jioni. Najua ni gharama juu ya gharama, kwa kuwa nauli ya Mombasa bado ipo. Kama mfuko haukubali, kodi siku mbili za kazi na Jumamosi yake. Chini ya hapo usishuke, utakuwa umepanda tu bembea.

Kabla ya Jumatano, nenda kwa msimamizi wa ploti. Mwambie ukweli, kwamba unataka kuchomeka gari usiku na utalipia stima yako. Akikuuliza yuniti ngapi, usibabaike: kwenda na kurudi Upper Hill ni kama kilomita 40, na kwenye msongamano wa mjini Leaf inakwenda kilomita saba hivi kwa yuniti moja. Ni yuniti sita, weka saba kwa zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Hata ukiiweka yuniti shilingi 30, ni 210 kwa siku. Linganisha na hizo 14,000 zako uone kwa nini nakuhimiza usiache. Soketi ya kawaida ya pini tatu hutoa kilowati mbili na kidogo, kwa hiyo kulijaza tupu mpaka juu ni zaidi ya saa kumi na tano, lakini huhitaji kulijaza. Kurudisha ya siku moja ni saa tatu au nne tu, wewe umelala.

Usije ukateremsha waya wa eksitensheni kutoka dirishani ghorofa ya tatu. Nimeona watu wakifanya. Pasi unaichomeka nusu saa. Gari linavuta umeme mzito usiku mzima, na waya mwembamba ulioachwa umeviringishwa hupata moto mpaka unayeyuka. Soketi iwe chini, maegeshoni, imefungwa na fundi wa kweli. Na muulize jamaa kuhusu waya wake wa kuchajia, kwa sababu wa Kijapani huja na plagi isiyoingia kwenye soketi zetu. Kuna mtu aliyeikata akafunga nyingine. Muulize ni nani, na utazame kama plagi ina rangi ya kahawia ya kuungua pembeni. Ukiona hivyo, kataa.

Kama msimamizi akikataa katakata, na hospitali nayo haina soketi ya kukupa, basi umeshapata jibu lako kabla ya kulipa hata shilingi. Ziko chaja kwenye baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi, lakini kukaa dukani na watoto jioni mbili kwa wiki ukingoja asilimia zipande ni maisha ya kuchosha, na hapo mumeo atakuwa na haki ya kununa. Subirini mpaka mhamie mahali penye soketi. Kenya Power wanayo bei maalumu ya stima ya magari tangu 2023, shilingi 16 kwa yuniti na 8 usiku kabla ya tozo na kodi, lakini hiyo inataka mita yake peke yake. Ni mazungumzo ya kufanya na mwenye ploti mkiwa wapangaji watatu au wanne wenye shida moja.

Jumamosi pandeni Limuru mkanywe chai. Nakuambia Limuru kwa makusudi. Kutoka kwenu mtapanda zaidi ya mita 500, na utaziona asilimia zikishuka kwa kasi itakayokutia baridi tumboni. Usigeuze gari. Kunyweni chai, kisha mteremke, na utaona asilimia zikishuka polepole sana kuliko mlipokuwa mkipanda. Hapo utakuwa umelijua somo la Mombasa bila kulala Mtito Andei. Utajua pia kwamba ile namba ya kilomita kwenye dashibodi ni ya kupiga ramli: inatazama ulivyoendesha muda mfupi uliopita na kudhani utaendelea hivyohivyo. Ukitoka kuteremka itakuahidi mbingu. Itazame asilimia, kilomita ziache.

Na mumeo aendeshe. Si dakika tano za kuzunguka ploti; aende nalo kazini Ijumaa nzima, peke yake, bila wewe pembeni kumfundisha. Wanaume wengi wanaolicheka gari la umeme hawajawahi kukaa nalo kwenye foleni ya Mombasa Road wakagundua kwamba likisimama halili chochote zaidi ya kiyoyozi. Au atarudi na malalamiko ambayo hukuyafikiria, na hayo nayo ni faida.

Nikupe kisa changu. Mara yangu ya kwanza nilikodi kwa mtu binafsi, siku mbili. Akanikabidhi gari likiwa na asilimia 41, eti atanipunguzia bei. Nikaenda nalo nyumbani, nikalala. Asubuhi halikuamka. Nabonyeza, kimya. Simu ya mwenyewe haishiki. Majirani wakajaa. Mmoja akasema betri imekufa, hiyo ni laki saba. Mwingine akaanza kupiga picha. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeniuliza kama halina betri ndogo. Kumbe linayo, chini ya boneti, ya volti 12 kama ya gari lolote, na hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta na kuifungulia betri kubwa. Usiku nilikuwa nimeacha taa ya ndani inawaka. Tukaleta waya za jampa, dakika moja, likaamka na asilimia zake 41 kama kwamba hakuna kilichotokea. Siku ile ungeniuliza kuhusu magari ya umeme ningekutukania. Na gari halikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekabidhiwa bila kuelezwa.

Kwa hiyo usikubali ufunguo bila saa nzima na mwenye gari. Akuonyeshe betri ndogo ilipo. Achaji mbele yako, uone inaingia, kisha nawe uchomeke na kuchomoa mwenyewe, kwa sababu kuna kufuli ndogo ya plagi inayowaaibisha watu. Skrini itakuwa ya Kijapani, hilo halina dawa. Akuonyeshe tu kiyoyozi na redio. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijistari vidogo vya afya ya betri, 12 vikiwa kamili. Kikipotea cha kwanza, betri imeshapungua kama asilimia 15. Viandike ni vingapi, si kwa ajili yake bali kwa ajili yako: siku ya kununua utajua gari ulilolijaribu lilikuwa na nguvu au mzee mwenzangu.

Na kwenye karatasi yenu ya makubaliano iandikwe linarudishwa na asilimia ngapi, bima ni ya aina gani, na likizimika njiani nani anaita lori la bredauni. Leaf husukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo halivutwi kwa kamba wala kuburutwa magurudumu hayo yakiwa chini. Linapandishwa lote juu ya lori. Hiyo si bei ya kamba. Akikuambia “usijali mama, haitazima”, mwambie akuandikie hivyo.

Asilimia usiziache zishuke chini ya 30 siku hizo za mwanzo. Si kwa sababu ya gari, ni kwa sababu ya stima yetu. Unakumbuka Agosti 2023 karibu nchi nzima ilivyolala gizani.

Sasa swali la mama, ambalo umeliweka mwisho kana kwamba ni la kuchekesha. Si la kuchekesha. Betri ya gari hilo imezibwa ndani ya sanduku la chuma chini ya sakafu, nyaya zake nzito zina rangi ya machungwa ili fundi asizishike ovyo, na gari likihisi umeme unavuja linaukata lenyewe. Mvua ya kawaida haina habari nalo. Mafuriko ni jambo jingine, lakini hayo hayapitiki kwa gari lolote. Aprili 2024 tuliyaona ya petroli yakielea. Mwambie mama akae bila wasiwasi kwenda Limuru, hata mawingu yakiwa meusi. Ila waya wa kuchajia wenye kiungo kilichofungwa kwa utepe, umelala kwenye dimbwi la maegesho yenu, huo asiukaribie. Hata mimi siugusi.